Chokaa Juu ya Udongo

Husuni niliyoifanyia kazi kwa miaka miwili, ngome ya kale ya udongo, ilikuwa nje kidogo ya mji wa Nizwa, nusu saa kwa gari ya ofisi, na kitu cha kwanza nilichokiona siku ya kwanza hakikuwa mnara wala lango. Kilikuwa shimo. Handaki refu, kavu, limelizunguka jengo pande tatu, limejaa makopo na makuti, na ndani yake mbuzi wawili wanatafuna karatasi. Mhandisi, Mtaliano mwenye ndevu nyekundu ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wangu, alisimama ukingoni akafurahi kupita kiasi. Akafungua mkoba wake akatoa picha ya kasri moja la huko kwao.

Naikumbuka picha ile kwa sababu alikuwa akiitoa kila wiki. Jengo la mraba, minara minne ya duara kwenye pembe zake, maji yaliyotulia pande zote, na daraja moja tu la kuingilia. Alinieleza kwa Kiingereza chake cha kukatakata kwamba mabwana wa huko walijenga namna ile zama mizinga ilipoanza kuziangusha kuta ndefu nyembamba za wazee wao. Kuta zikawa fupi na nene, minara ikawa ya duara ili risasi ya mzinga iteleze, na maji yakamzuia adui asichimbe chini ya msingi. Lakini ndani, alisema, hawakujinyima kitu. Dari zilichorwa maua, ngazi zilijengwa za kupendeza, madirisha yakaelekezwa bustanini. Kisha akanionyesha husuni yetu, minara miwili minene ya duara imekaa kwenye pembe zinazotazamana. "Fikra ni moja," akasema. "Nyinyi mlichelewa kidogo tu. Maimamu wenu waliotawala hapa na mabwana wetu walikuwa na hofu ileile."

Nikamjibu kwamba mimi sina imamu, mimi nimetoka Unguja. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mwenye ulimi wa haraka. Akacheka, hakunifahamu.

Sikuwa mtu wa kutulia miaka ile ya mwisho wa sabini. Tulikuwa tumetoka Unguja kwenda Dar es Salaam, Dar kwenda Matrah, nchi ya Kiarabu walikotoka babu zetu, Matrah kwenda Sur kwa jamaa wa mama, na Sur kuja Nizwa kwa ajili ya kazi yangu, na kila tulipofika mama alisema tusiyafungue masanduku yote, maana hatujui. Katika nyumba yetu ya kupanga masanduku saba yalikuwa ukumbini, yamefunikwa shuka, tunayakalia badala ya viti. Sikuweza kumaliza kikombe cha chai nimekaa. Gari ikipunguza mwendo nje, mimi nishafika dirishani. Nilikuwa kama nasubiri mtu aje kutuambia tufungashe tena, na nikimkasirikia mapema mtu huyo, hata kabla hajafika.

Kazi yangu ilikuwa kupima na kuchora, kwa sababu nilijifunza kuchora majengo katika ofisi moja ya Dar, na pia kutafsiri, kwa sababu hakupatikana mwingine wa kujua Kiingereza na Kiarabu aliyekubali kushinda juani. Kiarabu changu kilikuwa cha bibi yangu, cha kizamani, na wenyeji walikicheka kwa upole.

Nilianza kuichora husuni kutoka chini kwenda juu. Mlango mdogo ndani ya lango kubwa, lazima uiname kuingia, na juu ya kichwa chako tundu refu lililokatwa kwenye sakafu ya chumba cha walinzi. Wenyeji walisema hapo ndipo ilipomwagwa asali ya tende ikiwa inachemka, kwa mgeni asiyealikwa. Asali yenyewe ilitoka chumba cha pili, ambacho sakafu yake ilikuwa na matuta na vijito vidogo. Makanda ya tende yalipangwa humo mpaka darini, na uzito wake wenyewe ukaikamua asali ikatiririka mpaka kwenye mtungi. Vidato vya ngazi havikulingana, kimoja kifupi kimoja kirefu, kwa makusudi, ili anayepanda mbio kwa ubaya ajikwae. Nilijikwaa mimi kila siku, na kila siku nikaitukana ngazi kwa Kiswahili. Na juu kabisa, baada ya hila zote hizo, unatokea kwenye chumba cha baraza chenye madirisha mawilimawili, la chini la kuingiza upepo na la juu la kutoa joto, na dari ya mbao iliyochorwa maua mekundu na meusi. Mtaliano alilala chali sakafuni kuitazama, mikono kifuani. Waliojenga pale walikuwa wametoka kuwafukuza Wareno pwani, wana mali na bado wana hofu, na kila chumba kilionyesha moja au jingine. Nilikubali kimoyomoyo kwamba mkubwa wangu na picha yake hawakuwa wapumbavu.

Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni maji. Alitaka iwe kwamba zamani handaki lilijaa maji. Alinituma nimuulize fundi wa udongo, mzee wa kijiji kile aliyekuwa akiongoza watu kumi na wawili katika matengenezo, ambaye baba yake na babu yake walizitia viraka kuta zilezile. Mzee alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu hawalali juu ya paa wakati wa mvua. Maji? Handaki lilichimbwa ili udongo wake ufanyiwe matofali, ukuta wote ule umetoka shimoni humo. Na shimo likaachwa wazi ili wadi, lile bonde kavu la mto, ikija na mafuriko, maji yapite mbali na miguu ya ukuta. Maji hayakai humo. Yakikaa, ukuta umekwisha. Niliyatafsiri yote kama yalivyo, na Mtaliano akanuna siku tatu.

Nilikuwa mtafsiri mwaminifu wakati huo. Nasema hivyo kwa sababu ya yaliyofuata.

Baba yangu alikuwa fundi wa nyumba za mawe mjini Unguja. Alijua kuchoma matumbawe, kuloweka chokaa shimoni miezi na miezi mpaka ilainike kama siagi, kupanga boriti, kusakafu paa. Watu wakimwita kutoka mitaa ya mbali aje aseme tu ukuta fulani una nini. Nizwa hakuna aliyemwita. Kiarabu chake kilikuwa cha Kurani na cha maamkizi, kikiishia hapo. Asubuhi alivaa kanzu safi, akashika bakora, akatembea mji mzima akizigusa kuta za watu kwa vidole na kuzikwaruza kwa ukucha, kisha akarudi akaketi juu ya sanduku.

Mara moja alikwenda Ibra kujitambulisha kwa ukoo wake. Walimkirimu kwelikweli. Halua, kahawa, mbuzi mzima, na wakati wa kuaga binamu yake mmoja akamuuliza, kwa wema kabisa, anarudi lini Afrika. Baba alitusimulia hilo mara moja tu na hakwenda Ibra tena. Lakini nilijua anachokitaka tangu siku hiyo, alikuwa hakifichi. Alitaka aache kazi ya mkono wake mahali fulani katika nchi hii, na mtu wa nchi hii aseme ni kazi nzuri. Si zaidi ya hapo.

Basi nikamwomba Mtaliano amchukue. Nilimsifu baba mpaka nikaona haya. Mtaliano akampa ukuta wa mashariki, ule unaosimama ukingoni mwa handaki, ambao mguu wake ulikuwa umeliwa na chumvi na mvua ukabaki na makovu.

Kati ya baba na fundi wa udongo hapakuwa na ugomvi, palikuwa na kutoonana tu. Fundi wa udongo aliuchanganya udongo wake na makapi ya ngano, akaukanyaga kwa miguu, akauacha uchache siku nyingi mpaka unuke, akaukanyaga tena. Baba aliziba pua. "Hii si kazi, mwanangu," aliniambia. "Huku ni kucheza tope." Yeye aliagiza chokaa. Chokaa ya Unguja haikuwapo, ilikuja ya mifuko, kavu, na hakuiamini, basi akaitia saruji apate ugumu. Alipiga lipu wiki tatu. Akaisugua kwa jiwe laini la wadi mpaka ikang'aa, na ukuta ule wa rangi ya vumbi ukawa na ubavu mmoja mweupe, wa kiungwana, ungedhani umeletwa na meli kutoka Forodhani kwetu Unguja. Mimi mwenyewe nilipouona niliumwa na hamu ya nyumbani.

Asubuhi ya kumaliza, Mtaliano alikuja kuutazama, na kwa kuwa alikuwa mwangalifu, akamwita fundi wa udongo atoe maoni. Tulisimama wanne ukingoni mwa handaki. Fundi wa udongo alivua viatu. Sijui kwa nini alivua, lakini nakumbuka. Akaukaribia ukuta, akaugonga kwa kifundo cha kidole huku na huku, akaulazia kiganja na kukiacha hapo kwa muda. Kisha akanigeukia mimi.

"Ya binti," akasema, "waambie. Ukuta wa udongo hunywa maji kutoka ardhini, na hutoa jasho ubavuni. Hivi ndivyo unavyoishi. Huyu kauziba ubavu. Mvua itaingia juu, kwenye ufa wowote, na haitapata pa kutokea. Ndani patakuwa uji. Wallahi, lazima chokaa hii ibanduliwe yote kabla ya baridi. Nikipata watu wanne, siku mbili." Kisha akashusha sauti. "Na mwambie ndugu yetu huyu kwa adabu. Si kosa lake. Kwao kuta ni za mawe."

Wote wakanitazama. Mtaliano na kalamu yake. Na baba, kope zimejaa chokaa, bakora ameiegemeza ukutani, anatabasamu kama bwana harusi. Hakuwa amefahamu hata neno.

Nikamwambia mhandisi kwa Kiingereza: "Anasema ni imara, uachwe tu ukauke vizuri."

Nikamwambia baba: "Anasema una mkono mzuri."

Ilichukua muda mfupi kuliko kuisimulia. Baba aliweka mkono kifuani akamwinamia fundi wa udongo. "Shukran," akasema, "shukran, Allah akuweke." Na fundi wa udongo, akidhani maneno yake magumu yamepokewa kwa moyo mkubwa namna ile, naye akaweka mkono kifuani. Nilimwona anamheshimu baba kuanzia dakika ile. Mtaliano akaandika kitu kwenye daftari lake, tukaenda kunywa chai.

Baada ya wiki fundi wa udongo aliniuliza lini wanabandua. Nikamwambia mkubwa ameamua vingine. Alitikisa kichwa, akasema la haula, akarudi kwenye tope lake. Huo ulikuwa uongo wa tatu, na ulitoka kwa urahisi zaidi.

Baba akawa mtu mwingine. Kila asubuhi alikaa kivulini na fundi wa udongo, wanapeana vikombe vya kahawa, mmoja anasema neno la Kiarabu na mwingine analirudia, wanacheka. Alijifunza majina ya zana, ya upepo, ya aina za tende. Alinunua halua ya Nizwa akampelekea. Kila mgeni aliyekuja nyumbani alisimuliwa kuhusu ukuta wa mashariki, na jinsi fundi mkubwa wa pale, mtu ambaye wazee wake wameishi na kuta zile tangu enzi, alivyougusa akasema.

"Akasema nini?" mama alikuwa akimchokoza, ijapokuwa anajua.

"Nina mkono mzuri."

"Mkono mzuri, na mlango wa jiko langu unalia mwezi wa tatu huu."

Siku moja nilirudi kazini nikakuta sanduku la kwanza limefunguliwa. Kisha la pili. Baba alikuwa ametoa saa ya ukutani, anapigilia msumari. "Tutakaa hapa," aliniambia bila kugeuka. "Watu wa hapa wana macho." Mama alitoa vikombe vyake vya kaure, akavifuta kimoja kimoja, analia kidogo na anacheka. Kitu nilichokuwa nakitamani tangu nitoke Unguja kilikuwa kinatokea mbele ya macho yangu, na nilitoka uani ili nisivione vikombe vile.

Sijui kueleza vizuri miezi ile. Nilifika kazini kabla ya wote, nikaenda moja kwa moja kwenye ukuta, nikaugonga kama nilivyomwona mzee anaugonga. Mwanzoni ulijibu mlio mzito. Baadaye, mahali pawili, ukajibu mlio mwepesi wa kitu kilicho tupu. Nilipopanda juu ya ukuta, karibu na ukingo niliona ufa mwembamba kama unywele, nikaujaza kwa kidole na chokaa niliyoificha kwenye leso. Wiki iliyofuata ufa ulikuwa umehamia pembeni. Nilichora dari, nikaharibu, nikachora tena. Nikitazama madirishani, natafuta wingu juu ya mlima wa Jabal Akhdar. Watu wa Nizwa wanaliombea wingu. Mimi nikiliona nilikuwa nalilaani, kisha naogopa kwa kulaani rehema ya Mungu.

Ningeweza kusema. Kila siku ningeweza. Niliahidi nafsi yangu nitasema Ijumaa, na Ijumaa baba alikuwa anapaka rangi mlango wa jiko na kuimba, nikaahidi Ijumaa nyingine. Nilijiambia mzee huenda amekosea. Nilijiambia hapa hainyeshi. Nilimchukia mzee kwa kujua kwake, nikamchukia baba kwa furaha yake, na Mtaliano kwa kuniamini.

Ikanyesha mwishoni mwa baridi, siku mbili mfululizo. Siku ya pili alasiri nilikuwa juu, chumba cha baraza, nimeshika ubao wangu, nikasikia sauti ya magunia mengi yanayoangushwa kwa pamoja. Nikashuka ngazi zile, na sikujikwaa. Ukuta wa mashariki ulikuwa umefunguka kutoka juu mpaka karibu na msingi, upana wa chumba kizima. Lipu ya baba ilikuwa imeteleza vipande vikubwa mpaka handakini, bado nyeupe, bado inang'aa. Nyuma yake hapakuwa na ukuta. Palikuwa na uji, kama alivyosema, unamiminika polepole. Maji ya wadi yalikuwa yamejaa handakini, na kwa mara ya kwanza husuni ilifanana na picha ya Mtaliano. Mtaliano mwenyewe alisimama mvuani, anaitazama.

Hakuna aliyeumia. Baba alikuwa amesimama pembeni, kilemba kimelowa, anatazama vile vipande vyeupe majini.

Fundi wa udongo alikuja na watu wake, na mikeka na makuti ya kufunika palipobaki. Alipopita mbele yangu alisimama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao wa mtu mzima. "Binti," akasema, "si nilikwambia? Siku ile, hapahapa, si nilikwambia ibanduliwe?"

Na baba, ambaye miezi sita alikuwa ananywa kahawa na mtu yule, alifahamu.

"Alikwambia nini?" akaniuliza. "Siku gani?"

Nikamwambia. Tulikuwa mvuani, na nilimwambia yote, lile la kuziba ubavu, lile la watu wanne na siku mbili, lile la si kosa lake. Alisikiliza mpaka mwisho, ananitazama usoni.

"Na mkono mzuri?"

"Hakusema, baba."

"Hakusema kabisa?"

"Hakusema."

Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Alisema tu, "Halua nilimpelekea ya nini, basi?" Sauti yake ilikuwa ya kuuliza kweli, kama anataka jibu. Ukuta ungeweza kusimamishwa upya, hilo kila mtu alilijua. Lakini katika nchi hii baba alikuwa na sifa moja tu, ameibeba nyumba hadi nyumba, na mimi ndiye niliyemtungia na mimi ndiye niliyemnyang'anya, tena mbele za watu.

Nilimweleza na Mtaliano siku ileile. Hakunifukuza, labda kwa sababu michoro ilikuwa haijakwisha. Alisema atamtumia dereva, mtu wa Samail mwenye maneno machache ya Kiingereza, kutafsiri, na mimi nibaki na ubao wangu. Ilikuwa haki.

Mvua ilipokatika niliwaona kutoka dirishani. Fundi wa udongo na watu wake walikuwa handakini wanachimba udongo mpya, palepale ulipotoka ukuta wa kwanza. Baba alifika na kanzu yake safi. Akasimama ukingoni. Kisha akavua viatu, akaifunga kanzu kiunoni, akashuka. Hakuna aliyemwita. Aliingia katika lile tope lililokuwa likimfanya azibe pua, akaanza kulikanyaga pamoja na wale vibarua, mtu wa miaka sitini na kitu, fundi ambaye Unguja alikuwa na vibarua wake mwenyewe. Fundi wa udongo alimtazama, akasogea, akamwonyesha jinsi ya kutupa makapi kwa mkono. Walifanya hivyo wiki saba. Nilichora dari yote, ua kwa ua, na kila nilipoinua macho nilimwona.

Siku ukuta ulipofika juu, fundi wa udongo alimshika baba bega akamwambia maneno marefu. Baba akacheka, akajibu kwa kile Kiarabu chake cha kuokoteza. Nilikuwa mbali, sikusikia. Sikuthubutu kuuliza aliambiwa nini, na yeye hakuniambia kamwe.

Wala hakuniomba tena nimtafsirie. Sokoni alinyoosha vidole. Posta alijaza fomu vibaya, akarudishwa, akajaza tena. Jirani akija, baba alimkaribisha, akahangaika naye kwa nusu saa juu ya jambo ambalo mimi, niliyekaa hatua tatu kutoka hapo, ningelimaliza kwa sentensi mbili. Nilikuwa nauma midomo. Hakuwa amenigombeza, alikula nami, aliniombea dua. Aliniondolea kitu kimoja tu. Masanduku yalibaki wazi, saa ilibaki ukutani, na mimi niliendelea kusimama na kikombe cha chai mkononi.

Miaka minne baadaye nilimpeleka hospitali. Alikuwa amekonda. Tangu mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nilikuwa namwona anashika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja na kifua kwa mwingine anaporudi msikitini, anajifanya anatazama barabara. Daktari alikuwa Mmisri, kijana, anazungumza mbio, na Kiarabu cha kahawani na topeni hakikutosha. Baba alijaribu mara tatu. Daktari alitazama saa, akanigeukia. "Baba ana maumivu ya kifua?"

Nilimtazama baba. Alisawazisha mikunjo ya kanzu gotini mpaka muuguzi akainua macho kutoka kwenye karatasi zake. Mwishowe akasema kwa Kiswahili, bila kunitazama, "Mwambie sina maumivu. Ni uchovu tu."

Kama siku ile ukingoni mwa handaki, nilikuwa na maneno tayari, mazuri, ya kumwokoa, yanasubiri mdomoni.

"Baba yangu anasema hana maumivu, ni uchovu tu," nikamwambia daktari. "Hayo ni maneno yake." Nikagusa kifua changu. "Haya sasa ni yangu mimi. Anayo, tangu Ramadhani iishe, na anayaficha."

Kisha nikamgeukia baba nikamwambia yote kwa Kiswahili, lake nililolifikisha na langu nililoliongeza, na kwamba daktari ameambiwa lipi ni la nani.

Alinitazama kwa ukali. Daktari alikuwa ameshaweka masikioni chombo chake cha kusikilizia kifua, anasubiri. Baba akainua mkono, polepole, akafungua kifungo cha kanzu yake shingoni.

"Muulize," akaniambia, "nivute pumzi au niizuie?"